Masharti niliyojiwekea baada ya mbwa wangu Simba kung'ata mtoto

Simba nilipewa na familia moja ya Raskazone, hapa Tanga, iliyokuwa inahama nchi. Walinikabidhi kadi yake ya chanjo na kuniambia ni Boerboel, mbwa wa Afrika Kusini wa kulinda mashamba, zaidi ya kilo 50. Nilimchukua kwa furaha hadi Sahare, maana wezi walikuwa wameshakata uzio wangu mara mbili.

Nikamfuga kama baba alivyofuga mbwa wake koko: mchana mnyororo chini ya mwembe, usiku namwachia. Jioni kijana wangu wa miaka 12 alikuwa anamtoa kidogo kwa kamba. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu peke yangu.

Siku hiyo baada ya alasiri mtoto wa jirani alikuwa anarudi kutoka chuoni, madrasa, kwa baiskeli, juzuu kifuani. Alipiga kengele ili wampishe. Simba akachomoka, kamba ikamtoka kijana wangu mikononi. Nilipofika mtoto yuko chini, kanzu imechanika, na meno yamezama kwenye shavu la mguu.

Nilimbeba hadi bombani. Nikaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, huku watu wakinipigia kelele nimkimbize hospitali. Virusi vya kichaa cha mbwa vimo kwenye mate, na ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Kuosha ndiyo kinga ya kwanza, kisha ndiyo hospitali. Sindano ya kwanza alichomwa siku hiyo hiyo, ingawa nilionyesha kadi ya Simba. Tukarudi siku ya 3, ya 7, mpaka akamaliza. Bwana mifugo aliagiza Simba afungiwe siku 10 aangaliwe, asiuawe, kwa kuwa mbwa ambaye mate yake yana virusi hudhihirika ndani ya muda huo.

Nilikwenda kwa mama wa mtoto na kanzu mpya. Ile iliyochanika alikuwa ameshaifua mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa kilichoguswa na mate ya mbwa. Aliniambia, "Jirani, kanzu nimeitwaharisha. Mwanangu akisikia mbwa usiku anaamka analia, hilo nalo nalitwaharisha kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Kwenye kikao cha mtaa wengi walitaka Simba auawe. Kijana mmoja akasimama na simu yake akasema Denmark iliwapiga marufuku Boerboel tangu 2010, pamoja na aina nyingine 12. Mwenyekiti akanipa mwezi mmoja nitafute njia ya kumdhibiti.

Usiku nikawa nasoma. Uholanzi iliwahi kuwakataza mbwa wa aina ya pit bull, ikaja kuachana na katazo hilo kwa kuwa watu waliendelea kung'atwa vilevile. Uingereza ina sheria ya 1991, na kuanzia Februari 2024 England na Wales hakuna ruhusa ya kuwa na XL Bully, aina nyingine ya mbwa wakubwa, bila cheti maalumu. Wenye cheti wana masharti: mbwa ahasiwe, awekewe chipu, awe na bima ya kuwalipa watu wengine akiwadhuru, akitoka afungwe mdomo, na mshika kamba awe na miaka 16 au zaidi. Hilo la mwisho nililisoma mara tatu.

Nikayachukua yale niliyoyaweza. Bwana mifugo alimhasi. Nikajenga ukuta wa tofali na mageti mawili, ili la nje likifunguliwa la ndani liwe limefungwa. Mnyororo niliutupa, kwa sababu mbwa anayeshinda amefungwa anazidi ukali. Sasa ana banda pana lenye kivuli. Fundi viatu wa Ngamiani alinishonea kikapu cha ngozi cha mdomo, kinachomwezesha kuhema na kunywa maji lakini si kung'ata. Natoka naye mwenyewe kabla ya watu kuamka, tunashuka ufukweni. Bima sikuipata, nikafungua akiba kwenye simu kwa ajili ya jambo hilo tu. Chanjo kila mwaka. Bango la "Mbwa Mkali" nimeliweka, lakini mtoto wa miaka saba hasimami kusoma bango.

Aliyesema Boerboel ni hatari sikubishani naye. Mbwa koko akikung'ata huwa anakuachia na kukimbia. Huyu ana uzito wa mtu mzima na taya la kuvunja mfupa. Asiye na ukuta asimfuge, na nikiulizwa mtaani ndivyo ninavyowaambia hata waliokuja na pesa mkononi kutafuta mbwa kama huyu.

Mwezi ulipoisha mwenyekiti na wazee wawili walikuja, wakayajaribu mageti kwa mikono yao, wakaniruhusu.

Mtoto amepona, anapita hapa kila jioni. Akikaribia ukuta wangu anashuka kwenye baiskeli, anashika kengele kwa kiganja isilie, anaikokota taratibu mpaka apite mwembe.