Daku la Pluto

Mjomba wangu hakuwahi kuiacha filamu ikae kimya. Kwenye kibanda umiza chake, Chikongola, Mtwara mjini, alikaa juu ya stuli kando ya televisheni, na kila Mzungu aliyefungua mdomo alikuta mjomba ameshamsemea kwa Kiswahili. Hata pale ambapo hakuna anayesema kitu, chombo kinaelea tu na nyota zinapita, yeye alijaza: "Hapo nahodha anawaza, jamani. Anawakumbuka wanawe." Watu walimwamini. Mimi nilimwamini mpaka nilipokua nikakijua Kiingereza, nikagundua kwamba nusu ya maneno yale hayakuwemo. Nikazidi kumpenda.

Kibanda hakikuwa mahali pa wasichana. Nilipata nafasi kwa sababu mama ni dada yake, na kwetu huku mjomba hamfukuzi mpwa. Nilikaa nyuma ya pazia, kazi yangu kubadilisha CD na kuangalia mafuta ya jenereta. Kiingilio kililetwa na mpira na filamu za ngumi. Lakini siku za katikati ya wiki, watu wakiwa wachache, mjomba aliweka muvi za anga kwa ajili yake na yangu, na vijana saba au wanane ambao hawakukosa: maroboti, sayari zenye majua mawili, majahazi ya angani (ndivyo alivyoyaita vyombo hivyo mbele ya watazamaji wake) yanayoruka nyota hadi nyota kwa kufumba na kufumbua. Tukishafunga tunabaki tukibishana. Nilimwambia mlipuko hauwezi kusikika kule juu, hakuna hewa ya kuubeba mlio. Akanijibu: bila mlio nani atatoa mia mbili yake?

Mwaka 2015 Ramadhani iliangukia Juni na Julai, wakati wa kusi, usiku una ubaridi na anga ni safi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani. Jioni ya tarehe 30 Juni, tumetoka kufuturu, mtaa ulisimama nje ukitazama magharibi: nyota mbili kubwa zimesogeleana mpaka ungezifunika zote kwa ncha ya kidole. Watu wakamwendea mjomba, maana mambo ya angani yalijulikana kuwa yake. Naye, kwa mara ya kwanza mbele za watu, akanigeukia. "Mpwa, waeleze."

Nikawaeleza kwamba ile kali ni sayari ya Zuhura na ile nyingine ni sayari ya Mshtarii, na hazijagusana hata kidogo. Mshtarii iko nyuma, mbali na sisi zaidi ya mara kumi kuliko Zuhura. Watu walipotawanyika mjomba akabaki. Ndipo nikamwambia habari niliyokuwa nimeibeba moyoni kwa miezi: kuna chombo cha kweli, New Horizons, kinakaribia Pluto.

Kilirushwa Marekani tarehe 19 Januari 2006, mwaka uleule aliojenga kibanda ili watu waone Kombe la Dunia. Kiliondoka Pluto ikiwa bado sayari ya tisa. Agosti wanaastronomia wakakutana, wakaitoa kwenye orodha na kuiita sayari kibete. Chombo chenyewe kina kilo 478, ukubwa kiasi cha bajaji. Nilimpa mwendo wake kwa kipimo anachokijua: kilometa 14 kwa sekunde, yaani Mtwara hadi Lindi ni kama sekunde nane.

"Sekunde nane," akasema. "Na kimetembea miaka tisa?"

"Tisa na nusu, mjomba."

Alikaa na hilo muda mrefu. Katika filamu zetu zote hakuna aliyewahi kumwonyesha umbali. Nahodha anavuta mkono wa mtambo, nyota zinarefuka, wamefika. Naamini habari ile ilimwingia kwa ajili ya ile miaka tisa na nusu, kabla hata hajajua Pluto ina nini.

Tangu siku hiyo alinidai taarifa kama mtu anayedai gazeti lake. Tarehe 4 Julai kompyuta ya chombo ilizidiwa na kazi, mawasiliano yakakatika kwa zaidi ya saa moja, na mafundi wakawa na siku chache tu za kukiweka sawa. Mjomba hakutaka kusikia habari nyingine yoyote mpaka kilipopona.

Tarehe 14, kumi la mwisho la Ramadhani, nilikuwa uani na bibi. Yeye anachagua mchele kwenye ungo, mimi nimeshika simu inayosoma E pale juu, nasubiri picha ifunguke. Ilifunguka kwa mistari, kutoka juu kwenda chini: weusi, weusi, halafu ukingo wa duara, halafu rangi ya udongo, halafu doa kubwa jeupe. Nikampa bibi. Aliisogeza mbali na uso, akaileta karibu.

"Mbona ina moyo?"

Ulikuwa moyo kweli, kama umechorwa na mtoto. Kwa miaka 85 tangu igunduliwe, Pluto ilikuwa nukta ya mwanga au doa lenye ukungu tu, hata kwenye darubini bora. Na sasa bibi yangu anaishika kwa vidole vyenye vumbi la mchele.

Nikamweleza kwamba saa nane na dakika 49 mchana uleule chombo kingepita karibu kabisa, kilometa 12,500 hivi kutoka kwenye uso wake, na kwamba muda huo hakiongei na mtu. Kamera zake na antena yake vimefungwa kwenye mwili wake, havizunguki vyenyewe. Kikigeuka kuitazama Pluto kinatupa kisogo. Kwa hiyo kingenyamaza karibu siku nzima, kikipiga picha, na usiku ndipo kigeuke kutuambia kama ni kizima. Huenda kisiwe kizima. Nikachukua punje moja ya mchele kwenye ungo wake. Kwa mwendo ule, kokoto la ukubwa huu likikigonga, basi.

Bibi akaitazama punje. "Ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu, bibi. Kuna majivu kidogo ya Clyde Tombaugh, aliyeigundua Pluto mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka 24."

Akaweka ungo chini. Habari ya maiti kuchomwa ilimsumbua, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akauliza chombo kitarudi lini.

"Hakirudi."

"Hakirudi! Sasa mnasubiri nini?"

"Salamu tu. Kwamba kimepita salama."

Bibi ni wa Mikindani, mke wa mvuvi. Aliwahi kukaa siku kumi na moja hajui jahazi la mumewe liko wapi, mpaka chombo cha watu wengine kikaja na salamu zake. Hakuniuliza tena. Akaokota ungo, na mchele wa jioni ile aliuchagua polepole kuliko nilivyowahi kumwona.

Usiku nilijiunga bando la usiku na sikulala. Salamu yenyewe ilitumwa kwetu saa tano na dakika 27 usiku, ikatembea kwa mwendo wa mwanga, na hata kwa mwendo huo ilihitaji karibu saa nne na nusu. Mjomba alifunga kibanda mapema akaja kukaa na sisi uani, kanzu yake ya tarawehe bado mwilini. Kila baada ya muda aliinua kichwa. "Saa hizi iko njiani," anasema. Hapakuwa na mwezi. Nilimwonyesha Kausi, kundi la nyota ambamo Pluto ilikuwemo mwaka ule, likiinamia magharibi juu ya paa la jirani. Pluto haionekani kwa macho, nilimwambia hivyo, lakini aliendelea kupatazama palepale.

Saa tisa ilipopita mama akaanza kupasha wali na mchuzi wa samaki. Wapiga daku wakapita na madebe yao, wakaita majina ya nyumba moja moja. Video ya moja kwa moja ilikuwa imegoma, nilikuwa nafuata maandishi tu, na maandishi nayo yakaganda. Saa tisa na dakika 50. Nikapanda juu ya kibaraza, nikainua mkono wenye simu, nikashusha, nikasoma, nikainua tena. Saa tisa na dakika 52 ikafika na kupita. Kisima changu cha maneno kilikauka; nilihisi uzito wa kilo 478 zote kifuani.

Halafu ukurasa ukafunguka. Mawimbi yamenaswa. Mifumo yote mizima. Kumbukumbu imejaa kiasi kilekile kilichotarajiwa, maana yake picha zimo.

Nilisoma kwa sauti, na katikati ya kusoma nikaanza kulia. Mjomba akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Tena." Bibi, aliyekuwa mkekani nikidhani amesinzia, akasema Alhamdulillahi, kisha akatuhimiza tule, adhana haitusubiri.

Asubuhi nilikuta ubao wa ratiba nje ya kibanda umefutwa. Ngumi zimeondolewa. Kwa chaki, herufi kubwa: PLUTO. CHOMBO KIPO SALAMA. LEO BAADA YA TARAWEHE. HAKUNA KIINGILIO.

Watu walijaa mpaka mlangoni. Wengi walidhani ni muvi mpya. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mjomba alisimama mahali pake pa siku zote akaanza kwa sauti yake ya filamu: miaka tisa na nusu, bajaji yenye majivu ya mtu, Mtwara hadi Lindi sekunde nane, punje ya mchele. Walimfuata neno kwa neno. Akafika pale chombo kinapogeuza uso na kutupa kisogo.

"Kikanyamaza," akasema.

Na yeye akanyamaza. Nilingoja nahodha aanze kuwaza, nilingoja wanawe watajwe. Hakujaza kitu. Alisimama mikono imeshuka, anatazama ukuta uliokuwa mbele yake, mpaka watoto wakaacha kusukumana, mpaka nikasikia mkwaruzo wa mtu aliyehamisha kandambili zake sakafuni na pikipiki iliyokuwa ikipita mbali barabara ya Ligula. Hakuna aliyemwambia aendelee.

Alipofungua mdomo alisema kwa sauti ndogo, ya nyumbani, ambayo kibanda kile hakikuwahi kuisikia: "Saa tisa na dakika hamsini na mbili, tunakula daku, kikasema: nipo." Kisha akanipa ishara, nikatoka nyuma ya pazia na simu yangu, nikaanza kuipitisha mkono kwa mkono kutoka mstari wa mbele.