Mpaka Unasogea Kwenda Wapi?

Novemba 2013 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Kampala, nasomea mazingira, nikapata kibarua kilichowatia wenzangu wivu: ukalimani wa Kiswahili katika mradi wa vyuo viwili, chetu na kimoja cha Tanzania, wakishirikiana na shirika la kimataifa. Sikuchaguliwa kwa alama zangu. Nimekulia Bombo, jirani na kambi ya jeshi, na Kiswahili ndicho nilichobembelezewa na kutukanwa nacho tangu utotoni. Wengi Uganda wakikisikia wanawaza bunduki, lakini siku ile kilinipa kiti cha mbele kwenye Land Cruiser.

Tulikuwa tunakwenda kwenye kinamasi cha Ghuba ya Sango, ambacho Uganda ilikiingiza mwaka 2006 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda vinamasi. Mto Kagera huja kutoka upande wa Tanzania, ukapita Uganda kidogo tu, ukajimwaga ziwani. Msitu unaoitwa Malabigambo upande wetu (jina ambalo kwa sikio la Mganda ni kama kusema "maliza maneno") ndio huohuo wanaouita Minziro upande wa pili. Mkataba wenyewe, wa mwaka 1971, unazitaka nchi zinazochangia maji zishauriane. Sawa, lakini sekretarieti ya mkataba iko Gland, Uswisi, na mawaziri hawavai buti za mpira. Hapo ndipo vyuo huitwa: shirika linatoa gari na mafuta, chuo kinatoa vijana wenye miguu. Tuliitwa washirika, na sikatai, ingawa dodoso lilitufikia limeshaandikwa, na swali moja liliuliza kaya ina boti ngapi za starehe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafsiri kipeperushi. Usiku mzima nilihangaika niandike "ardhioevu" kama wasomi au "kinamasi" kama watu. Nikaona fahari kuchagua la watu. Sentensi iliyosema tutaainisha ukomo wa eneo hilo haikunichukua hata dakika: "Mradi utaweka upya mipaka ya kinamasi, kwa makubaliano ya nchi mbili."

Kijiji chenyewe kiko mashariki ya Mutukula, Waganda, Wahaya na Wanyarwanda wamechanganyika, ndiyo maana kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili. Ulikuwa msimu wa senene. Akina mama walikaa mkekani, beseni katikati, wananyonyoa mbawa na miguu huku wananisikiliza. Niliposoma ile sentensi, mikono yote ikasimama beseni lilipo.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kreti ya soda akainua fimbo. "Wewe kijana, ni askari?"

"Hapana, mzee. Mwanafunzi."

"Kiswahili chako cha kambini. Haya, tuambie. Mpaka unasogea kwenda wapi?"

Nilidhani anatania. Mama mmoja akafunga mtoto mgongoni akaondoka haraka, na kabla sijamaliza kujieleza nikasikia huko nje mtu anasema mashamba yamepewa Tanzania.

Nilikuwa nimesoma habari za vita vya Kagera, kwa ajili ya mtihani. Wale walivipitia. Mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda alivamia Tanzania akatangaza kwamba mto Kagera ndio mpaka mpya, na Januari iliyofuata majeshi ya Tanzania yakaingia kwa njia ya Mutukula. Mpaka halali ni mstari wa latitudo 1 kusini, ambao Waingereza na Wajerumani waliupatana mwaka 1890 bila kuuliza mto unapinda wapi. Mahali kama hapo, kijana mwenye Kiswahili cha jeshi na kifaa cha kupimia anasimama kusema mpaka unawekwa upya!

Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, akafunga kikao. Kifaa chetu cha GPS akakichukua kama kielelezo, akakiweka dukani kwake kati ya sabuni na viberiti. Mhadhiri wetu, mama mpole asiyepandisha sauti, akaenda na gari kumtafuta mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu ya Uganda. Sisi tukabaki chini ya mwembe tumenuna. Lakini mgeni ni mgeni: mwenyekiti akamtuma mwanawe akatuletee chapati, akatukaribisha kwa mkono wake, bado amekunja uso.

Jioni yule mzee akaniita nimfuate. Tukateremka hadi miguu yangu ikaanza kuzama. Akachomeka fimbo kwenye matope, mafunjo yakiwa mbele yetu marefu kuliko gari. "Mafunjo yanakomea hapa. Masika makubwa maji yanapanda, lakini vile vichuguu hayavifikii. Mchwa hajengi majini." Kweli, vichuguu vilijipanga kama vimepimwa kwa kamba. "Hii kwetu ni kingo. Mpaka uko kule, kwenye nguzo za serikali." Tulipopanda juu akanidai shilingi elfu tano za kuniongoza. Nilimpa, na kwenye hesabu za mradi niliandika "usafiri."

Mkuu wa gombolola alipofika mambo yakatulia, nami nikasoma upya nikisema kingo. Kwenye ripoti nilipendekeza neno libadilishwe. Jibu la shirika lilikuwa la heshima: vipeperushi vimeshachapwa.

Kampala tukafungua data za GPS. Kumbe kilikuwa hakijazimwa. Mstari ulitoka dukani kwa mwenyekiti, ukazunguka uwanja wa mpira mara mbili, ukashika njia ya panya, ukavuka latitudo 1, ukakaa Tanzania dakika kumi na moja, ukarudi moja kwa moja hadi chini ya mwembe. Mhadhiri aliinama kwenye skrini, akauliza pale ulipokaa pana nini, maana ramani haionyeshi kitu.

"Chapati zetu," nikasema.