Kutu ilivyotuondolea aseniki kwenye maji ya kisima
Maji ya kisima chetu ni maangavu, hayana harufu wala ladha. Hata hivyo maabara ilipoyapima, aseniki ilikuwa imepita mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, aseniki ikabaki pale pale, na sumu ikazidi kukolea.

Nikaamua kutumia kutu. Aseniki hunata kwenye kutu ya chuma, na machujio ya misumari na mchanga yameshatumika vijijini Nepal. Nilichukua pipa la plastiki lenye koki, nikapanga changarawe chini, kisha mchanga niliouosha mpaka maji yake yakatoka safi. Juu niliweka beseni lenye matundu na misumari tele, nikaifunika kwa vipande vya tofali ili maji yakimiminwa yasiichimbue. Misumari iwe mitupu, isiyopakwa zinki, maana zinki huzuia kutu. Chembe za kutu zinazobanduka na aseniki yake hunaswa na mchanga.

Watu wengi huruka hatua ya kuyapa maji hewa au klorini kabla ya kuyachuja. Maji ya chini ya ardhi yasiyo na oksijeni huwa na aina ya aseniki isiyoshika vizuri kwenye kutu, na ndiyo yenye sumu zaidi. Klorini kidogo huigeuza haraka ikawa aina inayonata. Hewa pekee huchukua muda mrefu. Maji yenye fosfeti nyingi (chumvi za fosforasi) nayo husumbua, kwani fosfeti hugombania nafasi ile ile kwenye kutu.

Hatukuyanywa mpaka sampuli ya kabla na ya baada zilipopimwa na ile ya baada ikawa chini ya 10. Bado napeleka sampuli mara kwa mara, maana misumari huchoka bila dalili ya kuonekana kwa macho. Tope ninalotoa nikisafisha mchanga nalihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na kisima na bustani. Ndani yake ndimo sumu ilimo.

Kwa madini ya risasi (ledi) yatokayo kwenye mabomba ya zamani nisingejenga chujio hili. Ningeanza na mabomba yenyewe. Mbegu za mlonge hutuliza matope vizuri, lakini kwa aseniki iliyoyeyuka siziamini.

Tunachuja maji ya kunywa na kupikia tu. Ya kuoga na kufulia tunachota moja kwa moja, kwa kuwa aseniki haipenyi ngozi kirahisi.