Eti lupus ni ya wazungu

Mdogo wangu alitibiwa taifodi mara tatu ndani ya miezi minne. Taifodi, UTI, taifodi tena, halafu malaria ambayo kwenye kipimo haionekani ila "tumpe tu dawa". Homa inapanda inashuka, asubuhi vidole haviwezi kufunga kifungo cha blauzi, nywele zinabaki kwenye kitana, na mimi dada mtu mjuaji nikawa namwambia ni stresi za kazi hizo, punguza simu, lala mapema. Siku daktari mmoja kijana alipotamka neno lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe, mwenzake aliyekuwa pembeni akacheka kidogo, akasema hiyo ya wazungu bwana, huku kwetu hakuna. Hospitali siitaji. Ila lile neno lilinikaa kooni, na ndo limenifanya nisome usiku miezi na miezi.

Sasa kusema ukweli yule dokta aliyecheka hakulitoa hewani. Mwaka 1968 Brian Greenwood, daktari Mwingereza aliyekuwa Ibadan kule Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya jamii hii pale yalikuwa adimu mno. Akahisi labda malaria na vijidudu vingine tunavyoishi navyo tangu utoto vinaipa kinga kazi ya kufanya, haipati nafasi ya kujila yenyewe. Akaenda mbali zaidi, akachukua panya wa aina ambayo hupata ugonjwa kama lupus bila kuambukizwa na mtu, akawapa malaria ya panya, na kweli ugonjwa ukafifia. Mimi hiyo niliisoma mara mbili mbili.

Ila upande wa pili wa bahari kuna kitendawili. Marekani wanawake weusi wanapata lupus mara 2 mpaka 3 kuliko weupe, tena wanaipata wakiwa wadogo zaidi na inawakamata figo zaidi. Na wengi wao mababu zao walitolewa hukuhuku, Afrika Magharibi. Sasa inakuwaje damu ileile kule Georgia, Marekani, iugue na Ibadan isiugue? Wataalamu wakapachika na jina kabisa, wakawa wanaongelea mteremko wa lupus, kwamba kadiri unavyorudi Afrika ndo inapungua. Mwaka 2001 ikatoka ripoti ya London kwenye jarida la Lancet, ikaangalia wanawake waliohamia pale kutoka Afrika Magharibi, sio wajukuu wa wahamiaji, wao wenyewe, na wakakutwa na lupus karibu mara 3 ya wazungu wa hapohapo. Labda kuhama kuna mchango wake, sibishi, ila mimi nilichokiona ni kwamba watu hawa walipofika tu sehemu ambayo kipimo kipo na daktari analijua jina, ugonjwa ukaonekana. Na hata Nigeria yenyewe, mwaka 2009 Olufemi Adelowo na mwenzake wakachapisha wagonjwa 66 wa Lagos. Watu 66 kwenye kliniki ya mtu mmoja anayejua anachokitafuta! Halafu tunaambiwa hakuna.

Sisemi Afrika nzima tunaumwa sawasawa, hapana. Kaskazini, Tunisia na Misri huko, wana ripoti za miaka mingi na wagonjwa wengi, wana na mabingwa wa magonjwa ya viungo, wale wanaotibu lupus, wa kutosha kuliko sisi, na ukijumlisha hayo mawili hujui lipi limemzaa mwenzie. Afrika Kusini nako wanaijua vizuri, lakini kwao stori ni nyingine, mgonjwa anaweza asiuawe na lupus yenyewe, anauawa na maambukizi, TB ikiwa mstari wa mbele, maana dawa zinazoituliza kinga ndo hizohizo zinazofungua mlango. Fikiria daktari anayetakiwa kukupa predinisoloni nyingi, moja ya dawa hizo, kuokoa figo kwenye mji ambao kila mtu wa tatu anakohoa.

Kilichonikosesha usingizi ni jeni. Kuna jeni inaitwa APOL1, na mwaka 2010 iligundulika ina maumbo mawili ambayo yapo karibu kwa watu wenye asili ya Afrika tu, hasa Magharibi. Yanafanya nini? Yanaua vimelea vya malale, ile ya mbung'o. Aliyekuwa nayo alipona, akazaa, akarithisha. Ila ukirithi nakala mbili, ya baba na ya mama, figo zako zinakuwa kwenye hatari zaidi, na ukija kupata lupus unaweza kufika kwenye mashine ya kusafisha damu haraka kuliko mwingine. Huku Mashariki maumbo hayo ni machache kuliko Magharibi, kwahiyo hata sisi kwa sisi hatufanani. Na malaria ina yake: kuna badiliko kwenye jeni ya FCGR2B linaloongeza hatari ya lupus, na mwaka 2010 watafiti walioangalia watoto wa Kenya wakakuta wenye nakala mbili za hilo badiliko hawapati sana malaria kali. Yani ngao ya bibi imegeuka kuwa kisu cha mjukuu. Sijui nicheke au nilie.

Turudi kwenye ngozi maana hapa ndo tulipotea sisi. Uki-google lupus unaletewa dada wa kizungu mashavu mekundu kama kapigwa na jua, wanaita kipepeo. Mdogo wangu ni mweusi tii. Akaniuliza, "Dada, mbona mimi siko mwekundu?" Na kweli hakuwa. Yake ilikuwa weusi uliokolea kuliko weusi wake, kama mtu kampitishia mkaa kutoka shavu hili ukavuka juu ya pua ukatua shavu la pili, ukipapasa pameinuka kidogo na kuna vigamba vikavu. Famasi wakampa krimu ya fangasi, ikapungua wiki mbili ikarudi. Kitu ambacho hakuna aliyetuonyesha ni ile mikunjo inayotoka puani kushuka kwenye kona za mdomo. Ilikuwa safi kabisa! Kipepeo wa lupus kwa kawaida anairuka ile mikunjo, na hilo unaliona hata kwenye ngozi nyeusi, huhitaji wekundu wowote. Halafu kuna lupus ya ngozi ya mabaka, hiyo kwetu weusi ndo nyingi zaidi, inapenda kichwani na ndani ya bakuli la sikio, inaacha kovu jeupe katikati na weusi pembeni na nywele hazirudi. Wangapi wamepakwa dawa ya mba miaka?

Vipimo navyo vina mambo. Kuna ANA, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe. Ikiwa positivu haimaanishi una lupus, hata malaria inaweza kuichokoza. Kwa vigezo vya kimataifa vya 2019 lazima ANA iwe angalau 1:80 kwanza (yani bado inaonekana hata damu ikizimuliwa mara 80), ndo wanaanza kuhesabu pointi za dalili zingine mpaka zifike 10. Sisi kilichotushtua ni povu. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni, linakaa halipotei, na hakuna maumivu popote maana figo zikiharibika hivi haziumi. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, kitu cha dakika moja, kikasema protini nyingi, ndo tukapewa rufaa, ndo wakachukua kinyama cha figo. Miezi minne ya taifodi na hakuna aliyechovya kijiti!

Sasa hivi yuko vizuri kiasi. Anatumia maikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga, ambayo kwenye utafiti mmoja mkubwa watu wenye asili yetu waliitikia vizuri kuliko sindano ya saiklofosfamaidi, nayo ya kutuliza kinga (msibadilishe dawa kwa ajili yangu jamani, kaeni na daktari wenu), na haidroksiklorokwini kila siku, na macho yanapimwa kila mwaka maana hiyo ya mwisho inaweza kuyadhuru.

Mama alipoliona boksi akavaa miwani akasoma kwa sauti. "Klorokwini? Si ndo ile iliyokuwa inatuwasha tunajikuna na magunzi, mpaka serikali ikaiondoa?" Nikamwambia mama hii ni ndugu yake, ile iliondolewa hapa Tanzania 2001 kwa sababu malaria ilishaizoea. Akaligeuza boksi, akamtazama mdogo wangu. "Kwahiyo mwanangu muda wote walikuwa wanampa dawa za malaria, na dawa yenyewe ni ya malaria?"

Nilikaa kimya maana kimsingi ndo hivyo.