Akaamuru Apewe Chakula

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya.

Habari ya binti wa Yairo aliyefufuliwa na Yesu (Mk 5:21-43) wengi tunaisoma mbiombio mpaka pale msichana anaposimama na kutembea, halafu tunaona imekwisha. Marko ameacha neno moja mwishoni kabisa, fupi mno: Yesu akaamuru apewe chakula. Wiki hii nawaomba tukae na neno hilo, maana lina mengi ya kuwaambia wazazi wanaouguza.

Tazameni hali ya chumbani. Baba na mama wamepigwa na bumbuazi. Petro, Yakobo na Yohane wako pale, nao wamestaajabu. Katika mshangao huo hakuna aliyekumbuka kwamba msichana wa miaka 12, aliyeugua hadi kufa, ana njaa. Aliyekumbuka ni Bwana. Yeye aliyemwinua kwa neno angeweza kumshibisha kwa neno, lakini kazi ya kumlisha aliwaachia wenye nyumba. Uponyaji ulitoka kwa Mungu, na uangalizi wa baada ya hapo ukawekwa mikononi mwa watu.

Nimelitafakari neno hili sana tangu kijana wangu alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo katika hospitali moja huku kwetu Kusini mwa Tanzania. Kilikuwa kimeshapasuka. Kikifika hapo si upasuaji mdogo tena: tumbo linafunguliwa, linasafishwa, na mgonjwa anatoka akiwa na dripu mkononi na mpira wa mkojo. Simu ilinikuta Newala. Nilipofika mjini alikuwa ametolewa thieta, nusu kaputi haijamwisha vizuri, mkewe ameketi kando ya kitanda akimfukuzia nzi kwa ncha ya kanga.

Wenye watoto wazima mtanielewa. Waswahili tunasema mtoto kwa mzazi hakui, lakini wodini anakua. Fomu ya kukubali upasuaji alisaini mwenyewe. Daktari akija anazungumza naye, kisha na mkewe. Na kwetu huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba naye ana neno lake, kwa hiyo kaka yangu alikuwepo mlangoni akiuliza maswali ambayo mimi nilitamani kuyauliza. Tena ilikuwa wodi ya wanaume, jioni akina mama tunaombwa kutoka. Nililala nje kwenye mkeka pamoja na wauguzaji wengine. Mtoto niliyemnyonyesha yuko ndani ya ukuta, na sina ruhusa hata ya kumgeuza ubavu.

Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa kukemewa. Walikuja watu wema kunifariji, wakaniambia: mama, Paulo ameandika msijisumbue kwa neno lolote, ukiogopa, imani yako iko wapi? Walisema kwa upendo, nami nawashukuru kwa kuja. Lakini nawasihi tusiitumie tena Wafilipi 4:6 namna hiyo kwa mtu anayeuguza, mpaka kwanza tumesoma sura ya pili ya barua hiyohiyo.

Humo yumo Epafrodito. Wafilipi walimtuma apeleke msaada kwa Paulo kifungoni, akaugua huko karibu na kufa. Habari zikafika kwao. Na Paulo anasema (2:26) kwamba Epafrodito alihuzunika kwa sababu ndugu zake wamesikia anaumwa. Mgonjwa mwenyewe anawahangaikia walio nyumbani! Nani kati yetu hajapigiwa simu na mtoto aliyelazwa, sauti imekauka, akasema tu, sijambo mama, msiwe na wasiwasi? Kisha Paulo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na si yeye peke yake, alimhurumia na Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Anaongeza kwamba anamrudisha haraka ili wao wafurahi na yeye apunguziwe huzuni. Mtume anakiri wazi kwamba ugonjwa wa mtu huyu ulimwelemea, na hajioni kuwa amepungukiwa imani.

Ni mkono huohuo ulioandika msijisumbue. Nao haukuishia hapo, uliendelea: katika kila neno, kwa kusali na kuomba pamoja na kushukuru, haja zenu zijulikane na Mungu. Haja lazima ijulikane. Mzazi aliyeambiwa anyamaze ili aonekane ana imani, ataipeleka wapi haja yake?

Sasa turudi kwenye chakula, maana hapo nilijifunza jambo. Baada ya upasuaji ule, kijana wangu hakuruhusiwa kula mpaka utumbo uanze tena kazi. Kila asubuhi nesi alipita akiuliza, umetoa hewa? Kijana mtu mzima aliona haya kulijibu swali hilo mbele ya mama yake, lakini jibu lake ndilo lililokuwa likingojewa. Kitanda cha jirani, ndugu walimfichia mgonjwa wao wali ndani ya kanga. Walimpenda, walimwona anakonda. Usiku ule tumbo lilijaa na kutapika hakukukoma, akarudishiwa mpira wa puani. Nikamkumbuka Yairo. Chakula cha binti yake hakikuamuriwa na jirani wala shangazi, kiliamuriwa na yule aliyemponya, kwa wakati wake. Ndugu, upendo wetu kwa mgonjwa nao unahitaji kutii. Akiambiwa bado, ni bado. Akiambiwa aanze uji mwepesi, mpeni uji mwepesi, msimpelekee ming'oko, viazi vyetu vya porini.

Lakini kutii si kufumba macho. Siku chache baadaye homa ilipanda. Mkwe wangu aliona bandeji imelowa na inatoa harufu, mshono umevimba na kuwa mwekundu. Alimwambia nesi, akajibiwa angojeni raundi. Raundi ikapita haraka bila bandeji kufunguliwa. Sikuona sababu ya kugombana. Nesi yule alikuwa peke yake na wodi imejaa, tangu usiku hajaketi. Hata hivyo kidonda hakingojei. Tulimtafuta kiongozi wa wodi, tukaeleza kwa heshima kile tulichokiona na tangu lini. Mchana daktari akaja, akaondoa nyuzi kadhaa, usaha ukatoka, na kuanzia hapo kidonda kikawa kinasafishwa kila siku.

Wapo waliotuona wasumbufu. Mimi nilimkumbuka yule mama Mshunami (2 Fal 4). Mtoto wake alipokufa mapajani mwake, alitandika punda akaenda mpaka mlima Karmeli. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alitaka kumwondoa miguuni pa bwana wake, naye Elisha akasema mwacheni, maana nafsi yake ina uchungu. Alipotumwa Gehazi atangulie na fimbo ya nabii, mama hakuridhika na fimbo. Alisema hatamwacha Elisha, mpaka Elisha akainuka akamfuata. Maandiko hayamlaumu popote kwa kung'ang'ania kule.

Hata watawa waliotujengea hospitali huku wanalo jambo hilo katika maisha yao. Wabenediktini walianza Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni zao kuchomwa wakati wa vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, na huduma ya wagonjwa imekuwa sehemu ya kazi yao tangu zamani. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 36, inataka wagonjwa watunzwe kabla na juu ya mambo yote, kama vile anayehudumiwa ni Kristo mwenyewe. Inamtaka abati ahakikishe hawapuuzwi na wanaowahudumia. Inaruhusu nyama kwa waliodhoofika sana ili wapate nguvu. Na inawaambia wagonjwa nao wasiwachoshe ndugu zao kwa kudai kupita kiasi, ingawa hata wakidai, wavumiliwe. Naipenda sana sura hiyo kwa sababu inajua wodi ilivyo: mgonjwa ana haki ya kutopuuzwa, na anayemhudumia ana mwili unaochoka.

Niseme kidogo kuhusu sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, maana bado tunaukimbia. Padre akionekana wodini na mafuta, ndugu wanaanza kulia kana kwamba amekuja kuaga. Katekisimu inafundisha kwamba inafaa kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa. Yakobo (5:14-15) anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta; hasemi wasubiri mpaka asijitambue. Mwenye mgonjwa anayepangiwa upasuaji amwambie katekista mapema, hata kama ni siku ya kazi.

Na wazazi wenzangu, mtu akisharuhusiwa, hapo ndipo zamu ya nyumbani inapoanza. Dawa alizoandikiwa zimalizwe hata kama anajisikia mzima. Tarehe ya kurudi kliniki isirukwe kwa sababu ya mnada wa korosho. Atembee kidogokidogo kama alivyoelekezwa, asilazwe kutwa nzima kwa huruma, kwa kuwa kulala bila kujongea kunaweza kugandisha damu miguuni. Mguu ukivimba na kuuma, au akipumua kwa shida, au homa ikirudi, mshono ukitoa maji, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi tutayafanya njiani. Na maadamu ni mtu mzima, tumwulize yeye kwanza anasikiaje, tusijibu kwa niaba yake mbele ya wageni. Kijana wangu aliniambia waziwazi kwamba kilichomchosha kuliko maumivu ni kuzungumzwa kana kwamba hayupo.

Jumamosi hii, akina mama wa jumuiya watakaokwenda kutembelea wagonjwa wabebe sabuni, maji ya kunywa na mashuka safi badala ya vyakula, kisha waulize wodini nani ameruhusiwa kula nini. Akina baba wawili au watatu wajitolee kulala na wagonjwa wa wodi ya wanaume ambao hawana ndugu wa kiume karibu. Wenye kuweza kutoa damu wamwone mwenyekiti.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekumbuka njaa ya binti Yairo, wakumbuke watoto wetu wazima waliolazwa. Wape madaktari macho ya kuona kidonda kabla hakijaharibika, na manesi wa zamu ya usiku wape nguvu na wa kuwasaidia. Wape mama na baba waliolala nje kwenye mikeka ujasiri wa kuuliza na utii wa kungoja. Na wale ambao watoto wao hawakurudi nyumbani, kaa nao, Bwana, na utufundishe sisi kukaa nao bila maneno mengi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.