Nilivyookoa lipiko la mjomba kwa friza la samaki

Asubuhi moja nafungua chumba ninachohifadhia vitu vya kale hapa Newala, naona chini ya lipiko la marehemu mjomba, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, unga laini, mweupe kama wa muhogo. Nikaufagia. Kesho yake uko palepale. Wadudu walikuwa ndani wanaubungua mti.

Ni lile la kuvaa kichwani, mchezaji anaonea mdomoni. Mti wake mwepesi, si mpingo kama vinyago vya kuuza. Nywele ni za mtu, na chale za usoni zimebandikwa kwa nta ya nyuki. Wazee wa jando waliniruhusu kuliweka pale. Usionyeshe lipiko bila ruhusa yao.

Ushauri ulikuja kwa wingi. Paka dizeli. Paka vanishi. Mzee mmoja ninayemheshimu akasema, "Lianike juani, mwanangu, watatoka wenyewe." Nikalianika. Saa nane mchana chale ya shavu la kushoto ilikuwa imelainika, imeteleza hadi kidevuni. Niliishikilia kwa kidole isidondoke, machozi yananilenga. Nta na jua, jamani! Na mdudu hakutoka hata mmoja.

Dawa ni baridi kali, ndiyo wanayotumia hata makumbusho makubwa. Nililifunga kwa kanga, kisha nailoni nzito ile inayouzwa kwa mita, nikabana kila upenyo kwa selotepu. Nikapanda basi hadi Mtwara nimelipakata. Rafiki yangu muuza samaki alinipa kona ya friza lake, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Siku ya tano umeme ukakatika usiku kucha. Akasema zimebaki tisa tu; nikakataa, tukaanza kuhesabu upya, maana baridi ikikatika katikati wadudu wanaweza kupona. Gharama ni nauli na shukrani kidogo kwake.

Ukilitoa, usifungue siku hiyo! Liache lizoee joto la chumbani siku nzima, jasho liishie juu ya nailoni, lisiguse mti.

Chale niliirudisha kwa nta mpya, fundi mzee wa kuchonga akinishikia taa. Chini ya lipiko nimetandika kitambaa cheusi ili unga ukidondoka nione. Huu ni mwezi wa saba tangu hapo, kila asubuhi nakikagua. Kiko safi.