Nilivyomrekodi babu kwa rekoda ya bei chee na maiki za kuchomeka

Basi bwana, mi nilijipa kazi ya kumrekodi babu mzaa mama kule Pangani, ana tenzi kichwani ambazo hajawahi kuziandika popote na umri ndo huo unaenda. Nikanunua rekoda ndogo iliyotumika, ya betri mbili, ina kitundu kimoja tu cha pini ndogo kama ya hedifoni. Maiki zake zenyewe si mbaya ila zinazoa kila kitu, jogoo, bodaboda, minazi, mpaka pantoni ya kwenda Bweni, nikaona hapa inatakiwa maiki ya nje isogee mdomoni kwa mzee.

Sa akili yangu ikaenda kwenye maiki ya SM58, ile ya kushika mkononi, si ndo tunayoiona kila shughuli, nikaazima moja kwa jamaa wa muziki, nikanunua na waya uliokuja tayari, XLR, ile plagi nene ya pini tatu, upande huu, pini ndogo upande ule. Babu akaghani karibu saa nzima, katikati akaniuliza "mjukuu wangu, hicho kidude kinasikia kweli?" nikamwambia kinasikia babu. Jioni nikatupia kipande kwenye grupu la familia, mama mdogo akajibu "mbona umetuletea upepo?" Kufungua kwenye simu yangu, kweli, babu hayupo kabisaaa, ni shhhhh tu. Nikivaa hedifoni yupo! ila sauti imekaa ajabu, kama inatokea nyuma ya kichwa. Aisee nilitoka jasho.

Kumbe tatizo ni waya. Maiki za XLR zinatoa sauti ileile mara mbili, moja imepinduliwa, kusudi mashine kubwa izilinganishe na kufuta kelele za njiani. Rekoda yangu haijui hayo mambo, yenyewe ikaiweka moja kushoto na ile iliyopinduliwa kulia, simu ya spika moja ikizichanganya zinauana, linabaki lile shhhh. Bahati nzuri haikupotea, nikafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, nikatenganisha pande mbili nikafuta moja, babu akarudi. Waya nikampelekea fundi redio, akakata ile pini akaunga upya kwa risasi, pini ya 2 ya maiki iende kushoto na kulia kote, ya 3 iungane na ya 1 kwenye graundi.

Likabaki lile shhhh. SM58 haina umeme ndani, inatoa kama milivolti 2 tu, sasa ukiipandisha kwenye rekoda ndogo unapandisha na kelele zake. Vile vipriampu, yaani vikuza sauti, vya kuchomeka kwenye waya vinataka volti 48 na rekoda yangu haitoi, inatoa vile vivolti vichache vya maiki ndogo basi. Nikachukua miksa ndogo iwe ndo priampu, nikatoa sauti huko nikaingiza kwenye rekoda, ikaanza kukwaruza! Nikashusha levo ya rekoda mpaka chini kabisa, bado inakwaruza, maana sauti ya miksa ni kubwa mno, inaharibika mlangoni kabla haijafika kwenye hiyo levo. Fundi akacheka, akaniwekea rezista mbili ndani ya waya kila upande, ya kilo-omu 10 na ya 1, sauti inashuka mara 11 hivi. Hapo ndo nikaelewa, geini yote, yaani kukuza sauti, ipatikane kwenye miksa, rekoda iwe chini inaandika tu, na ule umeme wa maiki kwenye menyu uzimwe. Shhhh ikapungua mpaka nikasikia babu anavyovuta pumzi.

Afu siku tumejipanga vizuri umeme ukakatika, miksa yangu ni ya ukutani, babu ameshakaa na kanzu yake, ntamwambiaje. Nilikuwa na kimaiki cha kubana shatini nilichonunua kwa ajili ya simu, kina pini ya mistari mitatu, rekoda hazikipendi mpaka uweke adapta, nikaiweka, nikawasha tena ule umeme wa menyu, nikambana karibu na kifua. Jamani!! Kimaiki cha bei ya chipsi kuku kikatoa sauti safi kuliko mtambo wangu wote, kwa sababu chenyewe kina kikuza sauti kidogo ndani, kinatoa sauti yenye nguvu tangu mwanzo. Nikakivisha kipande cha manyoya nilichokata kwenye mdoli wa mwanangu, upepo wa bahari ukatulia.

Kwa hiyo saivi miksa na SM58 navitumia kwenye kwaya na maulidi kwenye umeme, kwa babu nabeba rekoda, kimaiki na betri za akiba. Naweka WAV ya biti 24, kilohezi 48, saa moja inakula kama GB 1, na levo naiacha kileleni iguse desibeli -12, maana mzee akifika mstari wa mwisho wa ubeti huwa anapandisha. Tumebakiza utenzi mmoja, mrefu, anataka tuufanye baada ya swala ya alfajiri, anasema ndo sauti inakaa. Mi sijabisha, bodaboda muda huo bado wamelala.